Droni imeanguka: irudi angani au ibaki mezani?

Mtu akiniletea droni iliyoanguka, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Fundi, si bado inaruka?" Na mara nyingi ni kweli, inaruka. Droni yenye mkono wa kubebea mota uliopasuka nusu inaruka. Yenye propela iliyomeguka ncha inaruka. Yenye betri iliyoanza kufura inaruka, na picha zinatoka safi, hadi siku umeme utakapokatika ikiwa juu ya vichwa vya watu.

Mimi nilijifunza kwa droni yangu. Ilikuwa harusi ya ufukweni Bagamoyo. Droni iligonga kuti la mnazi, ikaanguka mchangani kutoka kimo cha kama mita 4. Nikaipangusa, nikabadilisha propela mbili zilizovunjika, nikairusha palepale kwa sababu maharusi walikuwa wanaingia. Ilikaa hewani dakika sita bila neno. Dakika ya saba mkono wa nyuma kushoto ukajikunja kwenye bawaba, ikazunguka kama pia, ikashuka hatua tatu kutoka meza ya wazazi wa bibi harusi. Hakuna aliyeumia. Usiku ule nilipoifungua niliuona ufa, mwembamba kama unywele, umejificha chini ya stika. Ulikuwapo tangu pale kwenye mnazi.

Droni ya mota nne haina mota ya akiba. Moja ikisimama, au mkono mmoja ukikunjika, tatu zilizobaki haziwezi kuishikilia sawa. Inapinduka na kushuka ikizunguka. Droni ya DJI Mavic 3 ina uzito wa gramu 895. Ikianguka kutoka mita 30, tukiweka kando upinzani wa hewa, inafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Ndiyo maana swali la kama inaruka halinisaidii. Ninachotaka kujua ni nani atakuwa chini yake.

Ajali moja, hitilafu mbili

Droni iliyoanguka ina mambo mawili ya kutafutwa: kilichoiangusha, na kilichovunjika ilipofika chini. Wengi hushughulikia la pili kwa sababu ndilo linaloonekana, wakairudisha angani na lile la kwanza likiwa bado ndani yake. Ikianguka tena wanasema droni ina mkosi.

Kama uliigongesha kwenye tawi, ukuta au waya wa umeme, sababu unaijua. Nenda moja kwa moja kwenye madhara. Kama ilianguka yenyewe, fungua kwanza rekodi ya safari kwenye programu ya simu, uzitazame sekunde 20 za mwisho polepole. Volti ikiporomoka ghafla, mshukiwa ni betri. Droni ikiinama upande mmoja ilhali vijiti vya rimoti umeviachia, kagua mota, propela na mkono wa upande ule. Ikiwa imeinama kwa nguvu kuelekea kwako na bado inazidi kwenda mbali, huo ni upepo. DJI Mini 2, droni ndogo, imetengenezwa kuhimili upepo usiozidi mita 10.5 kwa sekunde, na msimu wa kusi huku pwani upepo ulio juu ya minazi ni mwingine kabisa na ule unaousikia usoni ukiwa umesimama uani.

Rekodi isipoonyesha sababu, na macho yasipoona kitu, kwangu droni hiyo bado ni mgonjwa hata kama inang'aa kama imetoka dukani leo. Itaruka uwanja mtupu, itajaribiwa tena na tena, lakini haitapita juu ya mtu.

Betri kwanza, kabla ya kuwasha chochote

Mtu akishaiokota droni, kidole kinakimbilia kitufe aone kama taa zinawaka. Jizuie. Chomoa betri. Betri ya litiamu iliyogongwa inaweza kuwa imeumia ndani bila ganda la nje kuonyesha chochote, joto likawa linajijenga taratibu. Iweke nje juu ya saruji au mchanga mkavu, mbali na gari, mapazia na begi la kamera, uitazame kwa nusu saa angalau. Ikipata joto bila kutumika, ikitoa harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, au ikianza kufura, kazi yake imekwisha.

Betri iliyofura haina mjadala. Ilaze juu ya kioo au meza iliyo sawa; ikiyumba, imefura. Nimesikia kila utetezi: imefura kidogo tu, ikipoa inarudi, bado inakaa dakika ishirini. Kule kufura ni gesi iliyotengenezwa na seli inayoharibika, na uharibifu huo haurudi nyuma. Tena kwenye droni ambazo betri hushikiliwa na klipu, betri iliyofura huzisukuma klipu hadi zikaachia, na droni inakata umeme ikiwa hewani. Usiitoboe, usiibane kwa mpira irudi umbo lake, na tafadhali usiifunge kwenye kifurushi cha basi kumpelekea fundi wa mkoa mwingine. Basi lina abiria.

Kama betri iko salama kwa nje, ichaji hadi ijae ukiwa karibu nayo, iache ipumzike saa moja, kisha usome volti ya kila seli kwenye programu. Seli ya kawaida ya LiPo (litiamu polima) ikijaa husoma volti 4.2, zile za volti ya juu hupita hapo kidogo. Kitu cha kukutia wasiwasi ni tofauti kati ya seli na seli. Nikikuta tofauti imezidi volti 0.1 baada ya betri kupumzika, siirushi. Seli dhaifu ndiyo inayoishiwa kwanza, na simu inaweza kukuonyesha asilimia 35 wakati seli hiyo haina tena nguvu ya kubeba mzigo. Na seli iliyoshuka chini ya volti 3.0 ikakaa hivyo siku kadhaa, usijaribu kuifufua kwa kuichomekea nyaya za chaja nyingine. Naona vijana wakifanya hivyo ndani ya nyumba wanazolala, na inanitia hofu kweli.

Sauti imebadilika, au video inacheza kama jeli

Droni ikiwa inaruka lakini inalia kwa sauti ngeni, au video ina mawimbi madogomadogo kana kwamba unaitazama ndani ya maji, kuna mtetemo. Anza na propela, maana ndiyo dawa ya bei nafuu.

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila jani. Ukucha unapokwama pana jeraha. Kisha lipinde jani kidogo mbele ya mwanga, uangalie shina lake karibu na skrubu. Plastiki iliyowahi kukunjwa kupita kiasi hugeuka nyeupe, na weupe huo maana yake nyenzo imeanza kuachana kwa ndani. Kwenye propela nyeusi au za kijivu unauona vizuri. Jani la namna hiyo halinyooshwi kwa maji ya moto wala halisawazishwi kwa kipande cha seloteepu. Hubadilishwa, na kama mota ina majani mawili ya kufungwa kwa skrubu, yabadilishe yote mawili, kwa sababu jipya na lililochakaa hayana uzito mmoja. Tumia skrubu mpya zinazokuja na propela; za zamani zimeshapoteza ile gundi ya kuzizuia kulegea.

Angalia pia upande wa kuzunguka. Kuna propela za kwenda kulia na za kwenda kushoto, zenye alama kwenye propela yenyewe na kwenye mota au mkono. Zikichanganywa, droni hujipindua palepale chini hata kabla ya kupaa. Nimeshapokea droni kadhaa zilizosemwa zimekufa bodi, kumbe ugonjwa wao ulikuwa huo.

Propela mpya zisipoondoa mtetemo, nenda kwenye mota. Toa betri, toa propela, zungusha kila mota taratibu kwa kidole. Utahisi vituo vidogovidogo vya sumaku, na vinapaswa kuwa sawa mzunguko mzima. Fananisha mota nne. Tatu nzima ndizo zitakazokufundisha ya nne ina nini. Ikikwaruza, kuna mchanga. Baadhi ya fukwe zetu zina chembe nyeusi za chuma ndani ya mchanga, na hizo zinavutwa na sumaku zikang'ang'ania ndani. Tumia pampu ndogo ya mkono ya kupulizia lenzi, pamoja na brashi laini. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Usipake mafuta ya cherehani. Mafuta yanakusanya mchanga mwingine, na mota itarudi mezani baada ya wiki ikiwa mbaya zaidi.

Sasa tazama mota kwa ubavu huku ukiizungusha. Kofia yake ikicheza juu na chini kama tairi lililopinda, mhimili umepinda, na mhimili wa mota ndogo haunyooshwi nyumbani ukanyooka. Ishike kofia uivute juu na kuitikisa pembeni: ikicheza kuliko wenzake, beringi zimekwisha. Mota inayotetema mahali pamoja bila kuzunguka ukiwasha mara nyingi imepoteza mmoja wa nyaya zake tatu, au kidhibiti chake cha kasi kimeungua. Waya fundi analehemu. Kidhibiti kwenye droni nyingi za kukunja kimo ndani ya bodi, na hapo gharama inaanza kuwa habari nyingine.

Mkono na bawaba

Hapa ndipo ninapokagua kwa muda mrefu kuliko pengine pote. Sababu nimeshaieleza.

Toa stika zote. Mulika tochi ya simu kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya plastiki, kwa sababu mwanga wa kutoka juu huficha ufa. Fungua na kukunja kila mkono. Ukifika mwisho uwe na mlio au mshiko uleule kama wa pili yake. Kisha shika mwili wa droni kwa mkono mmoja na ncha ya mkono wake kwa mwingine, uupinde taratibu juu, chini, halafu uuzungushe kama unafungua kifuniko cha chupa. Ukisikia kimlio, au ukiona mstari unafunguka na kufunga, umepata ufa. Kwenye droni ndogo za chini ya gramu 250 ninazozitengeneza, ufa mara nyingi huanzia kwenye bawaba za nyuma, pale plastiki inapokuwa nyembamba kuzunguka pini.

Je, uugundishe? Ufa kwenye mguu wa kutulia, kwenye kifuniko cha juu au kwenye pembe isiyobeba kitu, epoksi inatosha na unaweza kuruka nao miaka. Ufa kwenye sehemu yoyote iliyo kati ya mota na mwili wa droni, mkono ubadilishwe. Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu na kukatika kwa mtetemo, na mota za droni ndogo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mtu aliyeniambia ameunganisha kwa supa gluu na njiti ya mshikaki kama banzi, nilimwomba asiirushe karibu na shule iliyo jirani yake, na alinielewa.

Inajivuta upande, au inazunguka yenyewe

Irushe kimo cha mita moja na nusu, mahali pasipo na upepo, uachie vijiti.

Ikichora duara linalopanuka, kama maji yanayozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki, dira ndiyo inayodanganya. Kabla ya kulaumu anguko, sogea mbali na magari, mabati na saruji yenye nondo. Juu ya paa la ghorofa dira ya droni nzima kabisa inaweza kuchanganyikiwa. Sawazisha dira uwanjani kwa kufuata maelekezo ya programu. Tatizo likirudi mahali pasipo na chuma, kihisi au waya wake umeumia.

Ikijivuta kwa mstari mmoja tu, sawazisha kihisi cha mwendo, droni ikiwa imepoa na imewekwa juu ya sehemu iliyo sawa kweli. Meza ya baa haiko sawa. Kama bado inajivuta, rudi kwenye mikono: mkono uliopinda nyuzi chache unasukuma hewa kwa pembe isiyo yake, na bodi inahangaika kufidia muda wote. Ukiwa umesawazisha mara tatu na kila mara inatulia siku moja kisha inarudi, acha kusawazisha. Kuna kitu kimevunjika.

Ikikataa kushuka, au ikipanda yenyewe karibu na ardhi, pangusa vihisi vya tumboni kwanza. Vumbi la udongo mwekundu linatosha kuvipofusha, na maji yanayometameta huvichanganya hata vikiwa safi.

Kamera imekufa, droni inaruka

Hili haliniogopeshi sana. Onyo la kamera kulemewa mara nyingi husababishwa na kifuniko kilichosahaulika, punje ya mchanga kwenye kiungo, au vile vimpira vya kufyonza mtetemo vikiwa vimechomoka kwenye matundu yake. Virudishe kwa kibano. Kama kamera imelala upande mmoja bila nguvu, fleksi yake, ule utepe mwembamba wa nyaya, imekatika. Kamera ikiwa inaning'inia, itoe au ifunge kabla ya jaribio lolote, maana inaweza kugonga propela au kuanguka yenyewe.

Iliangukia maji

Maji ya mvua au ya bwawa na maji ya bahari ni kesi mbili. Kwa zote, toa betri mara moja na usiiwashe tena. Betri iliyozama usiitumie tena. Kama ni bahari, chumvi inaanza kula shaba ndani ya saa chache, hivyo droni isuuzwe kwa maji safi, yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake kama yapo, ifunguliwe, bodi isafishwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na brashi ya meno, ikauke siku mbili kwenye hewa inayopita. Kuifukia kwenye mchele kunaacha chumvi yote palepale ilipo.

Ikiwaka baada ya hapo, hongera, umeokoa picha na huenda umeokoa vifaa. Lakini droni iliyozama baharini Nungwi au Diani mimi sitairusha juu ya watu tena, hata ikifaulu majaribio yote. Kutu ya chini ya chipu haionekani, inaendelea polepole, na haitoi onyo siku itakapokata njia ya umeme. Itumie kujifunzia shambani, au iuze kama spea na umwambie mnunuzi ilizama wapi.

Kujaribu baada ya matengenezo

Asubuhi, kabla ya upepo, uwanja mtupu, wewe ukiwa umesimama mita kumi nyuma. Propela mpya, betri uliyoipima. Subiri droni ipate setilaiti kumi au zaidi na iandike mahali pa kurudi. Paisha mita moja na nusu, iache dakika mbili, itue, toa betri, kisha gusa mota zote nne. Joto lilingane. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake inafanya kazi zaidi: mhimili, beringi, au mkono uliopinda. Angalia tena skrubu na ile sehemu uliyotengeneza.

Zikilingana, rudia kwa kuisukuma: mbele na kusimama ghafla, pembeni, kuzunguka pande zote mbili, kupanda kwa kasi na kushuka. Halafu betri nzima kwenye mita 10 hadi ibaki asilimia 30. Mimi natumia betri tatu kwa siku mbili tofauti kabla ya kuikubali kazini, kwa sababu ufa mwingine hujitokeza mota zikishapata joto na kupoa mara kadhaa. Kule Muhanga, Rwanda, ambako kampuni ya Zipline inarusha damu kwa droni kwenda hospitalini tangu 2016, ndege hukaguliwa kabla ya safari hata kama ilirudi vizuri. Yetu iliyogonga mnazi inastahili angalau hicho. Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, kinakuruhusu kuruka. Hakisemi chochote kuhusu bawaba yako.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Propela, mkono, mota moja, ganda: tengeneza. Bodi kuu na kamera vikifa pamoja, uliza kwanza bei ya droni kama hiyo iliyotumika, kabla fundi hajafungua skrubu ya kwanza. Mara nyingi utaiuza kama spea.

Saa ngumu ni ile ya pale ukumbini, droni imegonga kitu, MC ameshatangaza, na mama wa bwana harusi anakuuliza, "Mwanangu, picha za juu vipi?" Siku hizi nalisema mapema, kwenye makubaliano, kabla ya malipo ya awali: ikianguka mara moja siku ya shughuli, hairudi angani siku hiyo. Nabeba mlingoti wa mita 6 wenye kamera ndogo kichwani. Mlingoti hauonyeshi bahari yote, lakini maharusi wanaonekana, na watoto wanaweza kupita chini yake.